Korosho Humjibu Anayeipasua

Chukua korosho ghafi moja kutoka kwenye gunia lako. Paka vidole majivu au mafuta ya kupikia kidogo, maana mafuta ya ganda ni makali, yanababua ngozi. Usiipasue kwa meno hata kama uliwaona wakubwa wakifanya hivyo, midomo itachubuka. Ilaze juu ya kigogo, weka makali ya kisu mgongoni mwake, gonga kwa kipande cha mti mpaka igawanyike kwa urefu, nusu mbili zitazamane. Sasa tazama ndani kabla ya kufanya lolote jingine.

Kiini cheupe, kigumu, kilichojaza ganda lote, ni kazi iliyokwenda sawasawa. Kiini chenye vidoa vyeusi vilivyobonyea, kama kimechomwa sindano, kinakwambia kwamba mdudu mfyonzaji aliitoboa korosho hiyo ilipokuwa changa, ganda likiwa bado laini. Kiini kilichosinyaa kama jani kavu hakikukomaa: ama korosho ilichumwa mtini badala ya kusubiriwa idondoke, ama shada lilidhoofishwa na ugonjwa kabla ya kumaliza kazi yake. Kiini cha njano chenye harufu ya mafuta yaliyochacha kilikaa na unyevu kwa muda mrefu, mara nyingi chini ya mti. Ukungu wa kijani au mweusi huja pale korosho ilipofungwa kwenye gunia haijakauka. Ukikuta unga na tundu, basi mdudu ameingia ukiwa umeshahifadhi.

Aliyepasua korosho 10 tu ameshasoma habari za shamba lake tangu Juni mpaka Novemba. Huo ndio udadisi tunaouzungumzia. Si ule wa maswali mengi barazani. Ni wa kukitazama kitu kimoja kwa karibu, tena na tena, na kukifuata nyuma mpaka kilipoanzia. Huku kwetu kusini mwa Tanzania, kuanzia Newala na Tandahimba juu ya Uwanda wa Makonde mpaka Masasi, Mtama, Ruangwa na Nachingwea, korosho ndiyo ada ya shule, bati la nyumba na sare ya mtoto. Inasikitisha kuona mtu analima ekari tano kwa miaka 20 na hajawahi kuipasua korosho yake mwenyewe ili aone ndani kuna nini. Anasubiri mwingine aipasue ghalani, kisha anaambiwa daraja.

Mnunuzi mnadani hahesabu magunia tu, anahesabu kiini kitakachotoka. Kipimo chake ni ratili ngapi za kiini kizuri zitapatikana ndani ya gunia la kilo 80. Korosho inayofika 48 na kuendelea ni nzuri, na ikivuka 50 ni nzuri sana. Hesabu hiyo si siri ya mtu wala haihitaji maabara. Mkulima anaweza kuifanya kibarazani kwake akiwa na kisu, karai na mizani ndogo ya kidijitali inayosoma gramu moja moja.

Inafanywa hivi. Chota korosho kutoka magunia kadhaa, na katika kila gunia chota juu, katikati na chini. Changanya zote kwenye turubai, zitandaze ziwe duara, ligawe duara mara nne kama unavyokata mkate, utwae mafungu mawili yanayokabiliana na kuyaacha mengine. Changanya tena, gawanya tena, mpaka ubaki na kilo moja kamili. Zihesabu. Zikiwa kati ya 180 na 200, ukubwa wake ni mzuri. Kadiri zinavyozidi hapo ndivyo zinavyokuwa ndogo. Kisha zipasue zote, usiruke hata moja, na uweke vijirundo vitatu: viini vizuri, viini vyenye madoa au vilivyosinyaa kidogo, na vilivyooza, vyenye ukungu au vitupu. Vichokonoe kwenye ganda pamoja na ngozi yake nyembamba, upime kila kirundo.

Tuseme umepata gramu 268 za viini vizuri na gramu 24 za kirundo cha pili. Kirundo cha pili kinahesabiwa nusu, yaani gramu 12. Cha tatu hakihesabiwi. Jumla ni gramu 280. Zidisha kwa 0.17637, utapata 49.4. Namba hiyo ya ajabu inatokana na kwamba kilo 80 ni sawa na ratili 176.37, basi, hakuna uchawi ndani yake.

Watu hukosea mahali pachache vilevile kila mwaka. Wanachota korosho za juu ya gunia tu, ambazo ndizo zilizochaguliwa vizuri. Wanaacha vipande vya kiini vimeganda kwenye ganda, na gramu tano zilizoachwa zinashusha kipimo karibu ratili moja. Wanatumia mizani ya dukani inayosoma kilo na nusu kilo. Na kosa baya kuliko yote, wanaziondoa mbovu kabla ya kupima, kwa kuona aibu. Sampuli haijui aibu. Zile mbovu ndizo zenye habari.

Ukishavipata vile virundo vitatu ndipo kazi inapoanza, kwa sababu kila kirundo kinakurudisha shambani kwa njia yake.

Anza na madoa. Mkorosho ukionekana umeungua ncha za matawi, wengi hukimbilia kusema ni ubwiri unga, wananunua dawa ya ubwiri, wanapuliza, na ncha zinaendelea kukauka. Dawa haikukosa nguvu. Ilipelekwa kwa mgonjwa asiye wake. Ubwiri unga ni kuvu, nao huacha unga mweupe au wa kijivu kama majivu yaliyonyunyizwa juu ya jani changa, ua na korosho changa. Pitisha kidole, unga utabaki kidoleni. Mbu wa mikorosho haachi unga. Ni mdudu mwembamba mwenye miguu na papasi ndefu, anafyonza chipukizi na kuacha vidonda vyeusi virefu vyenye pembe, kisha ncha inanyauka na kufa. Chule nayo ni kuvu, lakini hupenda unyevu wa mvua na huleta mabaka ya kahawia yanayopanuka yakiwa na majimaji. Mbu wa minazi, licha ya jina lake, anaishi pia kwenye mikorosho, na ndiye hasa anayetia madoa kwenye kiini. Kwa hiyo shamba linaweza kuwa na mashada yaliyopendeza na bado likatoa korosho zenye madoa.

Saa ya kwenda kutazama inahesabika. Adhuhuri jua likiwa kali, mbu hawa hujificha chini ya majani na utaapa shamba lako halina mdudu. Nenda asubuhi mapema au jioni. Chagua miti 10 iliyotawanyika, usiishie ile ya njiani. Katika kila mti tazama machipukizi 10, mawili au matatu kila upande, ya chini na ya ndani yakiwemo. Andika mangapi yana vidonda vibichi. Kati ya machipukizi 100, yenye vidonda yakiwa manane leo na 25 wiki ijayo, yanakuomba hatua. Yakiwa manane leo na saba wiki ijayo unaweza kuyaacha ukaokoa fedha yako. Bila kuhesabu, zote mbili zitaonekana vilevile: "kuna mbu."

Udadisi huohuo huwaondolea watu hofu isiyo na sababu. Ua la mkorosho hufunguka likiwa jeupe, kisha kadiri saa zinavyopita linageuka la waridi na jekundu. Kila msimu kuna anayepigia simu bwana shamba kwamba maua yake yamekuwa mekundu, yameugua. Hayajaugua, yamezeeka tu kama ilivyo ada yake. Tena shada moja lina mamia ya maua na mengi ni madume yasiyozaa kabisa. Ukilitazama ua kwa karibu utaona: dume lina uzi mmoja mrefu wenye kichwa cha chavua; lile linalozaa lina pia kikonyo kingine chembamba kinachochomoza katikati. Maua yakidondoka mengi chini ya mti, mara nyingi ni madume yaliyomaliza kazi. Na korosho changa zikidondoka zikiwa na ukubwa wa harage, nyingi ni mti wenyewe unaojipunguzia mzigo. Cha kuuliza ni je, zilizodondoka zina unga, zina kidonda, au ni safi? Ziokote 20 uzitazame.

Ubwiri unga ndio adui mkubwa huku kwetu, na ndio ulioigeuza salfa, ile dawa ya kuukinga, kuwa neno la kila nyumba. Uligundulika Tanzania mwaka 1979, wakati zao lilikuwa tayari limeshaanza kuporomoka. Msimu wa 1973/1974 nchi ilivuna karibu tani 145,000 za korosho ghafi. Katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Ni rahisi kuutwika ubwiri lawama zote, lakini waliochunguza walikuta mambo yamefungamana: wakulima walikuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa na mashamba yakabaki mbali, mengine yakawa pori; bei haikumpa mtu nguvu ya kwenda kupalilia; na mikorosho iliyosongamana bila kupogolewa ikawa nyumba nzuri ya kuvu. Kituo cha utafiti cha Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, kilipoanza kufanyia kazi salfa, mbegu bora na usafi wa shamba, kila jawabu lilishika upande wake wa tatizo. Msimu wa 2017/2018 nchi ilivuka tani 300,000. Tunaisema habari hii kwa sababu mkulima naye, mavuno yakishuka, hutafuta sababu moja ya kuilaumu, na mara chache sababu huwa moja.

Sasa salfa yenyewe. Salfa ya unga hukinga, haifufui. Ua lililokwishaungua haliwi zima tena, ndiyo maana anayesubiri kuona shada limekuwa jeupe ndipo aanze kupuliza amechelewa. Mashada yanapoanza kuchomoza, kwa kawaida kuanzia Juni, ndipo mzunguko wa kwanza unapoanza. Mti mkubwa unahitaji takriban gramu 250 kwa mzunguko mmoja, na mizunguko hurudiwa kila baada ya siku 14, mara nne au tano kufuatana na maua yanavyoendelea kutoka. Miti iliyopandwa mita 12 kwa 12 inakuwa 28 kwa ekari, kwa hiyo ekari moja inakula kilo saba kwa mzunguko, kilo 35 kwa mizunguko mitano. Mfuko wa kilo 25 unatosha miti 100 mara moja. Ukikuta mfuko wako umemaliza miti 60 tu, au 160, simamisha mashine, maana mojawapo ya mambo matatu halipo sawa: kidhibiti cha unga, mwendo wa mpulizaji, au salfa iliyoshika maji na kuganda mabonge.

Watu wanapuliza alfajiri kwa sababu walikuta wakubwa wakifanya hivyo. Lakini anayejua kwa nini hafanyi makosa ya anayeiga. Alfajiri hewa imetulia na majani yana umande; unga unapanda taratibu ndani ya mti na kushika kwenye unyevu. Jua likishachoma, hewa ya chini inapanda na kuubeba unga juu ya vilele uende kwa jirani. Katika miezi hiyo unavuma upepo wa kusi, kwa hiyo mwenye kujua anasimama upande upepo unakotoka na kuuachia upepo umalizie safu inayofuata. Ukiona unga unainuka moja kwa moja kama moshi wa tanuri, saa yako imekwisha, rudi kesho. Na ufunge pua na mdomo kwa barakoa, uvae miwani, usivute sigara karibu. Salfa inawasha macho na inawaka moto.

Mbali na salfa kuna dawa za maji, ambazo huingia ndani ya jani na kukaa muda mrefu zaidi, karibu wiki tatu. Zina kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na hicho ndicho cha kufuata. Tatizo linalojirudia ni maji. Uwanda wa Makonde hauna maji ya karibu, na mtu aliyebeba ndoo kwa kilomita kadhaa anashawishika kupunguza maji na kuzidisha dawa. Matone yanakuwa machache, nusu ya mti haiguswi, na maua yaliyoguswa yanaungua. Kama maji ni shida, salfa ya unga ina faida hiyo moja kubwa, haiyataki.

Kuna jambo ambalo wachache hulifanya nalo lina thamani kuliko ushauri wowote wa mdomo. Acha mti mmoja bila kupuliza. Uchague pembezoni, upande upepo unakokwenda, ili usiwaambukize wenzake, na umuarifu jirani wa upande huo. Mti huo ndio utakaokwambia mwaka huu ugonjwa ulikuwa mkali kiasi gani. Bila mti huo, mwaka ambao ubwiri haukuja utaisifu dawa, na mwaka ambao ulikuja kwa nguvu utailaani, na mara zote mbili utakuwa umekosea. Ukitaka kujua kama mzunguko wa tano una faida, ipe safu moja mizunguko minne na safu ya pili mitano, mambo mengine yote yawe sawa: palizi ileile, mpulizaji yuleyule, siku ileile. Ukibadilisha dawa na idadi ya mizunguko kwa pamoja hutajua kilichokusaidia ni kipi. Jambo moja kwa msimu linatosha. Misimu mitano ni majibu matano.

Kuna swali jingine la kuuliza kuhusu ubwiri: maua yakiisha, unakaa wapi mpaka mwaka ujao? Nenda shambani Januari au Februari, ingia chini ya mti, tazama maotea, yale machipukizi laini yanayotoka kwenye shina na matawi ya ndani kivulini. Utakuta unga mweupe umejificha humo. Kuyaondoa maotea hayo kabla ya maua kuanza, pamoja na kupogolea matawi yaliyokufa na yanayogusana, hakuondoi ugonjwa, lakini kunauchelewesha. Kazi hiyo ni ya panga na msumeno tu.

Salfa nayo ina gharama isiyoonekana. Unga unaodondoka chini mwaka baada ya mwaka unauongezea udongo uchachu, na udongo wetu wa kichanga hauna nguvu kubwa ya kuuhimili. Kama mahindi au njugu unazopanda kati ya mikorosho zimeanza kudumaa hasa chini ya vivuli, peleka udongo ukapimwe: sampuli moja kutoka chini ya mti na nyingine kutoka katikati ya safu, kina cha sentimita 20. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo jibu, na dawa yake ni chokaa.

Tuje kwa majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota. Wengi huwachukia, kwa haki kabisa, maana wanauma. Huwachomea viota au kuwapulizia dawa kabla ya kupanda mtini. Lakini majimoto ni walinzi. Wanawinda mbu wa mikorosho na mbu wa minazi mchana na usiku, na mti waliouteka wote mara nyingi hauna madoa. Huna haja ya kutuamini. Chukua korosho 50 zilizodondoka chini ya mti wenye majimoto na 50 chini ya mti usio nao, uzipasue, uhesabu madoa. Tofauti ikiwa kubwa, utaanza kuwatunza wewe mwenyewe: utafunga kamba kati ya mti na mti wapate njia, na utaacha kupuliza dawa ya wadudu kwenye miti yao. Wakitoweka ghafla, tazama chini ya shina. Wale sisimizi wadogo wa ardhini wenye vichwa vikubwa ni maadui zao na huwafukuza. Habari nzuri ni kwamba korosho huokotwa chini, kwa hiyo majimoto hawakusumbui sana wakati wa mavuno.

Hesabu nyingine inayofungua macho ni ya mti mmoja mmoja. Andika namba kwa rangi kwenye shina, 1 mpaka 28 kwa kila ekari. Msimu ukianza, anayeokota atie korosho za kila mti kwenye ndoo yake, apime, aandike kwenye daftari. Inachukua muda, hatufichi. Kwa ekari moja inaongeza saa moja na zaidi kila siku ya kuokota. Ukishindwa kupima shamba zima, pima safu moja. Mwisho wa msimu utaona miti iliyosimama jirani, umri mmoja, matunzo mamoja, mmoja ukitoa kilo 15 na mwingine kilo tatu. Sababu kubwa ni kwamba mkorosho uliooteshwa kwa mbegu haufanani na mama yake. Ua lilipokea chavua ya mti mwingine, na kilichozaliwa ni mchanganyiko.

Hapo ndipo kubebesha, yaani kuunganisha kijiti cha mti bora juu ya mche mchanga, kunapopata maana. Mti wako bora kwa misimu mitatu mfululizo, wenye korosho kubwa na kipimo kizuri cha kiini, unaweza kukupa vikonyo, ndivyo vijiti vya kubebeshea. Chagua ncha za matawi zilizokomaa, unene wa penseli, zilizoko juani. Siku saba mpaka kumi kabla ya kuzikata, punguza majani yake yote kwa mkasi ukiacha vikonyo vya majani. Hivyo vitadondoka vyenyewe na jicho la ncha litavimba. Ukikata kabla ya jicho kuvimba, kikonyo kinalala na kufa; ukisubiri mpaka lifunguke, kinatumia akiba yake kabla hakijaungana. Mche wa kubebea uwe na wiki sita mpaka nane. Ukate kichwa, upasue katikati sentimita nne hivi, uchonge kikonyo mfano wa kabari yenye urefu huohuo, ukiingize mpaka ngozi ya upande mmoja walau ikutane na ngozi ya mche. Funga kwa mkanda wa nailoni bila kuacha nafasi ya hewa, funika ncha kwa mfuko mdogo, weka kivulini. Kisu kikiwa butu kinaponda badala ya kukata, na jeraha lililopondwa halishiki. Andika wangapi wameshika kati ya 20, na aliyewabebesha ni nani, na siku hiyo mvua ilinyesha au la. Baada ya miche 100 daftari litakuonyesha tatizo liko kwenye kikonyo, kwenye mkono au kwenye kivuli.

Kwenye kukausha hatutakaa sana, maana wengi wanajua kuanika siku mbili tatu mpaka korosho zigongane kama kokoto zikitikiswa. Ila kuna njia ya kuwa na uhakika. Pima kilo 10 za korosho mlizookota leo, uzitie kwenye mkeka wa peke yake, uzipime kila jioni. Zitashuka uzito siku ya kwanza na ya pili. Siku ambayo uzito umegoma kushuka, zimekauka. Zihifadhi kwenye magunia ya juti juu ya chaga. Kiroba cha plastiki kinafungia unyevu, na mvua za kwanza za Novemba na Desemba zikikuta korosho humo, kile kiini cha njano tulichoanza nacho ndicho utakachokiona. Tena, tangu stakabadhi ghalani, yaani mfumo wa kuuza korosho kupitia ghala, ilipoanza huku kusini mwaka 2007, unyevu hupimwa ghalani na mzigo mbichi hurudishwa. Kuuanika kwako ni rahisi kuliko kuukodia gari mara mbili.

Na kama bado kuna anayekushawishi umuuzie kwa kangomba, yaani kienyeji kwa kupimiwa bakuli badala ya mizani, mwombe bakuli lake dakika moja. Lijaze, litie mizani, andika namba mbele yake.

Msimu ujao, wiki ya kwanza ya Juni, toka nyumbani kabla ya jua na tochi na daftari. Nenda kwenye mti ule ule uliotoa korosho nyingi zenye madoa. Inamisha tawi la chini upande wa mashariki, tafuta shada la kwanza linalochomoza, lifunge kipande cha kitambaa chekundu, uandike tarehe. Rudi baada ya siku saba uone lina nini.